Ndagala Anawajua, Swali Halielewi

Mtoto wa mwaka wa saba wa shule hapa Kabonga, kando ya Ziwa Tanganyika, anaweza kukusimulia ndagala, yaani dagaa, kuanzia majini hadi sokoni. Anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki, kwa sababu taa zao hazivuti samaki wakati ziwa lote linang'aa. Anajua kwamba ndagala wakianikwa mvua ikawakuta, mama atauza kwa hasara. Anajua kwamba samaki aina ya mukeke wanaopatikana siku hizi si wengi kama wale anaowasimulia babu yake. Sasa mpe karatasi yenye swali hili: "Fafanua sababu mbili za kupungua kwa samaki ziwani, kisha ubainishe athari zake kwa wakazi wa pwani." Atalisoma, atalirudia, ataangalia dirishani, halafu ataandika: "Samaki wamepungua sana." Mstari mmoja, na alama atakazopata unazijua.

Mimi nafundisha lugha huku, na karatasi za namna hiyo nimezisahihisha kwa uchungu. Mtoto hakukosa maarifa. Alichokosa ni maneno matatu: fafanua, bainisha, athari. Hayo hayasikiki mtumbwini, hayasikiki sokoni, na kwa bahati mbaya hata darasani hakuna aliyewahi kusimama nayo na kusema, "Leo tunajifunza haya."

Walimu watatu wa Marekani, Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, katika kitabu chao cha mwaka 2002 waliyagawa maneno katika ngazi tatu, na mgawanyo wao unanisaidia sana kulieleza jambo hili kwa wazazi. Ngazi ya kwanza ni maneno ya maisha: samaki, wavu, kula, kimbia, mvua. Mtoto huja nayo kutoka nyumbani. Ngazi ya tatu ni maneno ya somo moja: usanisinuru, kipenyo, ikweta. Haya ni magumu, lakini yana mwenyewe. Mwalimu wa sayansi akifika kwenye usanisinuru husimama, huchora jani, hueleza, huuliza, na siku ya pili hurudia. Katikati ndipo penye shida. Hapo ndipo yanapokaa linganisha, chanzo, mchakato, kiwango, dhana, ushahidi, hitimisho, na vile viungo vya sentensi kama hata hivyo, ilhali, kwa mujibu wa, hivyo basi. Yanatokea kwenye jiografia, kwenye sayansi, kwenye uraia, kwenye hesabu za mafumbo. Na kwa kuwa yako kila mahali, kila mwalimu anaamini mwenzake ameshayafundisha.

Kijiji chetu kinaficha tatizo hili vizuri kuliko vingine. Kabonga iko upande wa Nyanza-Lac, pale pwani ya Burundi inapokaribia kwisha. Ukivuka mpaka uko Kagunga, mkoa wa Kigoma. Nyumbani tunasema Kirundi. Ng'ambo wanasema Kiha, na tunasikilizana. Bandarini na sokoni ni Kiswahili tupu, kama ilivyo mjini Rumonge. Mgeni akifika na kuwasikia watoto wetu wakimwita mwenye boti, wakipatana bei, wakitaniana, atasema hawa wana lugha. Nimeambiwa hivyo na baba wa mwanafunzi wangu mmoja: "Mwalimu, huyu kijana Kiswahili chake kinanishinda mimi niliyekaa Kigoma. Inakuwaje ashindwe mtihani wa Kiswahili?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake lilianza kuandikwa Kanada. Kuanzia mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins amekuwa akitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Alipoangalia watoto wa wahamiaji alikuta kwamba wengi huzoea kuzungumza na wenzao ndani ya miaka miwili hivi, lakini kuifikia lugha ya vitabuni sawa na wenyeji huwachukua miaka mitano hadi saba. Sokoni una mkono wa kuonyeshea, una uso wa mwenzako, una samaki wenyewe mbele yako. Kwenye karatasi huna kitu ila maneno. Nikamwambia yule baba: mwanao anakijua Kiswahili cha kupatana bei, na ni kitu kikubwa, usikidharau, lakini bado hajafundishwa Kiswahili cha kujengea hoja.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nimelipitia. Nilizaliwa Ulyankulu, Tabora, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kama watoto wote wa Tanzania, kisha nikaingia sekondari ambako masomo ni kwa Kiingereza. Wazee wetu walipoamua kurudi, katika wimbi lile la mwaka 2008 na 2009 ambapo zaidi ya watu 50,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walirejea nchini, tulikuta shule inayosomesha kwa Kifaransa. Kirundi cha kuongea tulikuwa nacho kwa wazazi. Sayansi tuliijua. Lakini mwenzangu aliyefahamu fika jinsi maji yanavyovukiza na kurudi kuwa mvua alikaa mbele ya karatasi iliyoandikwa "relevez" na "justifiez", na hakujua anaombwa nini. Kamusi ndogo ya shule ilimwambia kwamba relever ni kuinua. Ainue nini? Swali lilimtaka atafute maneno fulani ndani ya habari na kuyaandika pembeni, basi. Vijana wenye akili kabisa waliacha masomo mwaka ule, wakarudi ziwani.

Watoto wa leo wanapitia mlango huohuo wakiwa wadogo zaidi. Kwa utaratibu wa Burundi, miaka minne ya kwanza mtoto hufundishwa kwa Kirundi, huku Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili vikiwa masomo. Mwaka wa tano masomo yanageuka kuwa ya Kifaransa. Shule ya msingi ya miaka tisa, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, ina lugha nne kwenye ratiba. Nasikia watu wakilalamika kwamba lugha nne ni mzigo. Mimi naona mzigo mkubwa ni mtoto kuingia mwaka wa tano bila kujua, katika lugha hata moja, nini maana ya kulinganisha vitu viwili kwa maandishi. Akijua kwa Kirundi kwamba kugereranya ni kuweka vitu pamoja na kusema vinafanana wapi na vinaachana wapi, nikimpa linganisha la Kiswahili nampa jina jipya la kazi anayoiweza. Ndivyo ilivyo kwa gusigura na eleza, kwa imvo na sababu, kwa ingaruka na athari. Ndiyo maana kwenye kipindi changu cha Kiswahili Kirundi hakifukuzwi. Kinaingia, kinafanya kazi yake dakika mbili, kinakaa.

Uzito wa maneno haya ya ngazi ya katikati umepimwa. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa New Zealand, alichapisha orodha aliyoitoa kwenye maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza yenye maneno milioni 3.5 hivi. Aliyaweka pembeni maneno 2,000 ya kawaida kabisa, akatafuta yale yanayojirudia katika masomo ya kila aina. Alipata familia 570 za maneno. Familia hizo chache zinabeba karibu asilimia 10 ya maandishi yale. Ichukue hesabu hiyo uilete kwenye ukurasa wenye maneno 300: maneno 30 ni ya ngazi ya katikati. Watafiti wa usomaji, akiwemo Paul Nation wa huko huko New Zealand, wanakadiria kwamba ili mtu asome peke yake bila kukwama anahitaji kujua maneno 98 kati ya kila 100. Mtoto aliyekosa hayo 30 hasomi tena. Anabahatisha.

Hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Kiswahili kina njia yake, na kazi iliyofanyika ni kubwa: kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikaundwa Dar es Salaam mwaka 1964, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA) mwaka 1967, na mwaka 1990 taasisi ile ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Nawaheshimu waliofanya kazi hiyo. Lakini tazama nguvu zilikokwenda: kwenye istilahi, yaani ngazi ya tatu. Usanisinuru ulipata wataalamu wa kuukalia kikao. Bainisha na hivyo basi yameachiwa bahati ya mtoto.

Kwa hiyo tunafanyaje darasani? Naanza na ziwa, kwa sababu ziwa wanalijua kuliko mimi. Nawaambia: semeni, kwa nini samaki wamepungua? Wanasema kwa wingi, na mmoja anasema vizuri: "Wavuvi wamekuwa wengi, halafu nyavu zao zina matundu madogo, wanabeba hata vitoto." Naandika jibu hilo ubaoni kama alivyolisema, neno kwa neno, maana ni kweli na ni lake. Kisha tunaligeuza pamoja.

Wavuvi wamekuwa wengi: tunapata ongezeko la wavuvi. Nyavu zao zina matundu madogo: matumizi ya nyavu zenye matundu madogo. Wanabeba hata vitoto: nyavu hizo hunasa samaki wachanga kabla hawajazaliana. Samaki wamepungua: upungufu wa samaki. Halafu tunashona: "Upungufu wa samaki umetokana na sababu mbili. Ya kwanza ni ongezeko la wavuvi. Ya pili ni matumizi ya nyavu zenye matundu madogo, ambazo hunasa samaki wachanga kabla hawajazaliana. Kutokana na upungufu huo, kipato cha familia zinazotegemea uvuvi kimeshuka."

Nawaomba waangalie kilichotokea, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Kitenzi kimegeuka jina. Wamekuwa wengi ni habari inayopita. Ongezeko ni kitu unachoweza kukibeba hadi sentensi inayofuata na kusema ongezeko hilo limesababisha hiki na kile. Upungufu huo, matumizi hayo, hatua hiyo, mabadiliko haya: maneno hayo madogo ya kurejea nyuma ndiyo yanayoifunga aya. Mtoto akilishika hilo, maandishi yake yanabadilika mwezi huohuo, na usomaji wake pia, kwa sababu vitabu vya jiografia na sayansi vimeandikwa hivyo mwanzo hadi mwisho.

Tukimaliza hapo nawapa habari ya kusoma iliyo karibu nao. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Watoto wa Kabonga wana ndugu Kagunga na Kigoma, jambo hilo walilisikia kwa masikio yao. Sasa wanalisoma kwa maneno ya kitabu: hatua, lengo, kipindi, kusitisha, rasilimali. Kisha nauliza swali la mtihani: "Jadili faida na hasara za hatua hiyo." Jadili limewatesa wengi. Wanadhani ni kubishana, kwa hiyo wanachagua upande na kupiga kelele kwenye karatasi. Naliweka hivi: taja ni kutoa majina tu, eleza ni kusema kitu kilivyo, fafanua ni kueleza kwa undani na kuweka mfano, tofautisha ni kuonyesha vinapoachana, bainisha ni kukionyesha kitu wazi, kisichanganywe na kingine, jadili ni kupima pande zote mbili kwa sababu, ndipo useme unaelekea wapi. Mtoto anayejua kazi ya kila kitenzi hapotezi nusu saa akifafanua mahali alipoambiwa ataje.

Kiswahili kina zawadi moja ambayo walimu tunaitumia kidogo mno. Neno moja huzaa ukoo. Ukimfundisha mtoto chunguza, umempa uchunguzi na mchunguzi. Thibitisha inakuja na uthibitisho na thabiti. Linganisha ina ulinganisho na linganifu. Kwa hiyo hatuandiki neno pweke daftarini. Tunaandika ukoo wake, sentensi moja ya ziwani na sentensi moja ya kitabuni. Neno chambua ndilo ninalolipenda kuanzia, kwa kuwa hakuna msichana wala mvulana hapa asiyewahi kuchambua mboga za lengalenga au maharage: unatenga jani bovu na zima, jiwe na punje. Shairi nalo huchambuliwa kwa mkono uleule, unatenga kinachosemwa, jinsi kinavyosemwa na sababu ya kusemwa. Neno lenye mizizi nyumbani linapanda haraka. Yapo mengine, kama nadharia, dhana na hitimisho, ambayo kwa mtoto wa Kirundi hayana pa kushika. Yalitoka Uarabuni na hayakupita kwetu sokoni kama sababu na tofauti zilivyopita. Hayo tusiseme watayaokota. Yafundishwe kwa makusudi, na yarudi wiki inayofuata, na ile ya baada yake, kwenye habari tofauti.

Kwa ushahidi na hitimisho nina habari moja isiyonichosha. Ukitoka Kagunga kwa boti kwenda mjini Kigoma, kushoto kwako unapita milima ya Gombe. Mwezi Julai 1960 alifika pale binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, kuchunguza sokwe. Kabla mwaka haujaisha aliona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta likiwa na mchwa, akila. Wengine walichuma vijiti wakaondoa majani kwanza. Wakati huo wasomi wengi walishikilia kwamba kutengeneza zana ni kwa binadamu peke yake. Watoto wanasikiliza kimya, kwa sababu milima hiyo wameiona. Nauliza: alichokiona ni nini? Huo ndio ushahidi. Alisema nini baada ya kukiona? Hilo ndilo hitimisho. Je, angeona mara moja tu kwa mbali, hitimisho lingekuwa thabiti? Hapo ubishi unaanza, na maneno yanatumika bila mimi kuyalazimisha: "Ushahidi haujatosha." "Kwa mujibu wa habari tuliyosoma, aliwaona sokwe zaidi ya mmoja." Mtoto wa miaka 13 akisema "ushahidi haujatosha" akimaanisha hivyo, nafurahi kweli.

Kuna njia mbili naziona shuleni ambazo naomba tuziache. Ya kwanza ni orodha ya maneno 50 ubaoni, mtoto anakili, anakariri, Ijumaa anaulizwa, Jumatatu yamekwisha. Maneno matano kwa wiki yanayosomwa, yanayosemwa na kuandikwa yanatosha. Ya pili ni mapambo. Kijana akishajua hivyo basi na kwa mujibu wa, atayatia kila mstari hata pasipo na hoja, na wapo wanaomsifu kwa hilo. Tumwulize: hivyo basi yako imetokana na nini hapo juu? Kama hakuna kitu, ifute. Neno la shule lina kazi, na likikosa kazi msomaji mzuri huliona.

Wazazi huniuliza watasaidiaje ilhali wengine hawakusoma. Nawajibu kwamba kusoma si sharti. Jioni mkiwa mnaanua ndagala, mtoto akikwambia samaki wa leo ni wabaya, usimwitikie tu. Mwulize kwa Kirundi au Kiswahili, lugha yoyote mnayoisema: "Unajuaje?" Akisema wananuka, mwulize kwa nini wa jana hawakunuka. Akisema jana kulikuwa na jua, mwulize kesho tufanye nini mvua ikija. Umeshampitisha kwenye ushahidi, ulinganisho, sababu na hitimisho, na hukuhitaji daftari. Mama mmoja alifanya hivyo kwa mwanawe wa mwaka wa nane, kisha akaja shuleni kulalamika: "Mwalimu, sasa hata nikimtuma sokoni ananiuliza nimfafanulie kwa nini aende yeye na si dada yake." Nikamwambia amfafanulie, kisha amtake naye abainishe nani alitumwa jana.